Mikono Iliyomlinda Musa

Neno la Jumapili
Kusoma: Kutoka 1:15–22, Kutoka 2:1–10, 2 Samweli 13:1–22, Warumi 13:1–4

Nawasalimu wote mliokuwa ibadani, na wewe pia ambaye hukufika kwa sababu ya zamu kiwandani au mgonjwa nyumbani. Kijarida hiki tunakichapisha kwa ajili yako, usibaki nyuma ya wenzako.

Wiki hii kuna mambo mawili yanayozungumzwa kila nyumba. La kwanza ni bonasi ya majani chai. La pili ni shule kufungwa. Bonasi tumeiombea, tumeifungia, tena wengine wenu mmeipangia bajeti kabla haijaingia. Lakini hebu nikuulize kwa upendo: likizo umeipangia nini? Mwaka mzima mtoto wako ameonwa na mwalimu siku tano kwa wiki. Asubuhi mwalimu anaita majina, na mtoto asipoitika, kuna mtu mzima amejua kwamba hayupo. Sasa Novemba na Desemba, nani ataita majina?

Ndiyo maana leo Bwana ametupeleka kwenye ukingo wa mto Nile.

1. Kisafina kilikuwa na mikono mingi

Wahubiri tunampenda Musa mkubwa, yule wa fimbo na bahari kugawanyika. Leo tukae na Musa wa miezi mitatu, ambaye hajui kusema, hawezi kukimbia, na serikali ya nchi yake imetoa amri atupwe mtoni. Hesabu nami watu ambao Mungu aliwatumia.

Kwanza ni wakunga wawili, Shifra na Pua. Hao ndio waliokuwa wahudumu wa afya wa siku zile. Mfalme aliwaamuru waue watoto wa kiume, nao wakamwogopa Mungu kuliko walivyomwogopa mfalme. Pili ni mama. Jina lake tunalikuta Kutoka 6:20, Yokebedi. Alimficha mtoto miezi mitatu mpaka akaona haiwezekani tena, ndipo akatengeneza kisafina. Tatu ni dada mtu. Huyu kazi yake ilikuwa kusimama kando na kutazama. Nne ni mjakazi aliyetumwa kukichukua kisafina majini. Tano ni binti Farao, mama mwenye cheo, ambaye hakuwa wa dini yao wala kabila lao, lakini alipomsikia mtoto akilia moyo wake ulisogea.

Sasa angalia vizuri. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza peke yake. Wakunga wangeweza kuokoa watoto siku ya kuzaliwa, lakini hawangeweza kuwalea. Mama alikuwa na maziwa na upendo, lakini hakuwa na mamlaka. Binti Farao alikuwa na mamlaka, lakini hakuwa na maziwa. Na yule dada hakuwa na maziwa wala mamlaka. Alikuwa na macho na mdomo tu. Lakini yeye ndiye aliyetoka pale alipokuwa, akamwendea mkubwa bila kuitwa, akamwambia naweza kukutafutia mlezi. Mwenye maziwa akakutana na mwenye mamlaka, na mtoto akaishi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na Kutoka 2 inatuonyesha jambo hilo likitendeka.

Kuna kitu kingine katika habari hiyo ambacho tunakipita mbio. Yule mama alikipaka kisafina lami. Kwa nini? Wewe unayejua kusuka kikapu unajua. Maji hayaingii katikati ya unyasi. Maji huingia pale unyasi mmoja unapokutana na mwingine. Pale kwenye nafasi ndogo ndipo mtoto huzama.

Wapendwa, hilo ndilo neno langu la leo. Katika nchi hii yetu ya chai, kutoka Kericho mjini mpaka Konoin, kutoka Bureti mpaka Chepalungu, tuna shule, tuna hospitali, tuna chifu, tuna polisi, tuna ofisi ya watoto, tuna makanisa kila kona. Unyasi upo mwingi. Watoto wetu wanaangamia kwenye nafasi zilizo kati ya ofisi na ofisi, kati ya mwalimu na chifu, kati ya chifu na mchungaji, pale kila mmoja anapofikiri mwenzake ameshasema.

2. Mvulana wa mikono myeusi

Wengi wenu mnajua nilifundisha shule ya msingi miaka 22 kabla ya kuingia kazi ya uchungaji. Mwaka mmoja kabla ya korona tulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyekuwa akifika saa nne. Kila siku saa nne. Wengine walisema ni mtoro, achapwe. Lakini mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mtulivu sana, aliangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi, wale wa majani mnajua, ile rangi ya utomvu ambayo sabuni haitoi. Mtoto alikuwa anachuna chai tangu alfajiri, anapeleka kituoni kupimwa, ndipo anakuja shule.

Yule mwalimu hakumuuliza mbele ya wenzake. Alimngoja wakati wa mapumziko, akamuuliza pole pole, akaandika tarehe na alichoona kwenye daftari. Siku hiyo hiyo alimwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akampigia naibu wa chifu. Naibu wa chifu akaenda nyumbani kwao akiwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Walikuta nini? Walimkuta nyanya aliyevimba miguu, hawezi kusimama, na watoto wawili wadogo sakafuni. Mama yao alipoteza kibarua mashine za kuchuna chai zilipoingia, akaenda kutafuta kazi mbali. Yule mvulana wa miaka kumi na moja ndiye aliyekuwa baba wa nyumba.

Sasa hapo mtu wa kufungwa ni nani? Hakuna. Afisa wa watoto alipofika hakuwachukua wale watoto, wala hakumtukana nyanya. Alisaidia familia iandikishwe katika Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi. Naibu wa chifu alishughulikia karatasi za vyeti vya kuzaliwa, kwa maana bila cheti mtoto hupata shida hata kusajiliwa mtihani. Karani wa kituo akakubali asipime tena majani yaliyobebwa na mtoto saa za shule. Na akina mama wa kanisa moja la pale walianza kumchunia yule nyanya mashina yake machache ya chai kila Jumamosi, kwa zamu. Baada ya wiki tatu mvulana alikuwa anaitika jina lake asubuhi kama wengine.

Nimesimulia hili kwanza kwa sababu tukisikia neno ulinzi wa watoto tunafikiria pingu tu. Mara nyingi pingu hazihitajiki. Kinachohitajika ni mtu mmoja aone vidole, na amwambie mwingine siku hiyo hiyo, na huyo mwingine asilale nalo.

3. Nyumba iliyonyamazisha

Lakini kuna siku pingu zinahitajika, na hapo ndipo sisi watu wa milima hii tunashindwa.

Fungua 2 Samweli 13. Tamari binti Daudi alitendewa uovu na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja, nyumbani kwa huyo Amnoni. Alipotoka alilia kwa sauti, akararua vazi lake. Hakunyamaza. Walionyamaza ni wengine. Absalomu kaka yake alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyefanya ni ndugu. Daudi baba yake alisikia yote na akakasirika sana. Halafu? Tafuta mstari unaosema Daudi alichukua hatua. Hautauona. Mfalme aliyekuwa na majeshi na waamuzi alikasirika tu. Tamari akabaki mpweke nyumbani kwa kaka yake, maisha yake yameharibika. Baada ya miaka miwili Amnoni akauawa, na baadaye nchi nzima ikaingia vitani. Walidhani wanafunika aibu ya familia, kumbe walikuwa wanapanda vita.

Na sisi tuna namna yetu ya kusema nyamaza. Tunasema, tumalizane nyumbani. Tunaita wazee, tunakaa chini ya mti, tunapima ng'ombe wangapi. Kuna mahali katika milima hii, sitapataja, msichana wa miaka kumi na minne aliharibiwa na mtu wa ukoo. Mwalimu aliona ameacha kucheza na wenzake, akadhani chifu anajua. Chifu alisikia, akadhani shule imeandika ripoti. Kanisa lao likaita wazazi, likaomba, likashauri amani. Wazee wakapokea ndama na pesa. Msichana akahamishiwa kwa shangazi kaunti nyingine. Huyo shangazi ndiye aliyenisimulia. Alipopiga simu kuripoti, mimba ilikuwa ya miezi mitano na yule mwanamume alikuwa ameshatoroka. Kila mtu alikuwa na kipande cha habari mkononi, na hakuna aliyeviunganisha.

Watu wa Mungu, sikilizeni vizuri. Wazee wetu ni wa heshima. Kokwet ikipatanisha watu juu ya mpaka wa shamba, Mungu abariki. Lakini kunajisi mtoto si ugomvi wa mpaka. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imeandika: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Na kesi hiyo ni ya Jamhuri ya Kenya. Si ya baba wala ya wazee, na si ya mchungaji kusamehe kwa niaba ya mtoto. Ndama haiwezi kuifuta. Warumi 13 inatuambia mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda maovu. Ukimficha mtenda maovu asifikiwe na mtumishi huyo, unamzuia nani?

4. Kila mkono na kazi yake

Mtu akinisikia anaweza kusema, Mchungaji, mimi ni mama mboga tu, nitaanzia wapi? Wacha tuseme wazi.

Mwalimu ni jicho. Waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayejua au anayeshuku mwanafunzi ananyanyaswa kingono atoe habari ndani ya saa 24. Mwalimu anayenyamaza au anayeficha anachukuliwa hatua. Walimu mlio ndani ya kanisa hili, hiyo nayo ni huduma yenu. Tena kumbukeni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza viboko. Mtoto anayechapwa kwa kuchelewa hatakuambia kwa nini alichelewa.

Afisa wa watoto yuko chini ya Idara ya Huduma za Watoto, na ofisi zake ziko katika kaunti ndogo. Yeye ndiye hukaa na ofisi zote nyingine na kuuliza, mtoto huyu anahitaji nini, alale wapi, nani atamlea. Sheria ya Watoto ya 2022 imempa nguvu, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, imesema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza.

Hospitali, iwe ni ile ya rufaa ya Kericho, Kapkatet, Longisa au Tenwek, ni mahali pa kwenda kwanza mtoto akinajisiwa. Usianze na wazee, wala usianze na maombi ya usiku kucha. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kuisha. Mtoto asioshwe, nguo zisifuliwe. Zitie kwenye karatasi au gazeti, si kwenye plastiki. Usingojee karatasi ya P3 ndipo uende hospitali. Matibabu kwanza, karatasi itafuata.

Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Uliza hilo dawati kwa jina. Chifu na naibu wake wanajua kila njia na kila mlango. Mhudumu wa afya ya jamii naye huingia nyumba ambazo sisi wengine hatuingii. Wengi mlikuwa uwanjani hapa Kericho Mashujaa Dei ya 2023, wakati habari ya siku ilikuwa afya kwa wote. Wale wahudumu ni majirani zetu, si wageni.

Na kama huna njia ya kufika popote, una simu. Namba 116 ni ya watoto, usiku na mchana, bila malipo. Hata kama huna salio. Toa simu sasa uiandike.

Basi mama mboga, wewe ni yule dada wa mtoni. Hatukuombi uwe polisi wala hakimu. Simama mahali unapoona, usiondoke, na ukiona, fungua mdomo.

5. Maswali mliyoniletea

Wiki hii nimeulizwa maswali matatu, na nitayajibu hapa wote wasikie.

La kwanza: je, mtu akisingiziwa? Linaweza kutokea. Lakini kuripoti si kuhukumu. Wewe sema ulichoona na ulichosikia, usiongeze chumvi. Daktari atapima, polisi atachunguza, hakimu ataamua. Na asiye na hatia husafishwa vizuri zaidi na uchunguzi kuliko na minong'ono ya kijiji.

La pili: si tuombe tu, Mungu atatenda? Tuombe, tena sana. Lakini Yokebedi alipaka lami. Mtu akikuambia imani inatosha bila shule wala hospitali wala serikali, kumbuka Shakahola kule Kilifi. Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua makaburi msituni, na miili iliyopatikana ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Watu wale walikuwa wamefundishwa kwamba shule ni ya shetani na hospitali ni ukosefu wa imani. Watoto waliondolewa darasani, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuita majina asubuhi. Ndugu zangu Wapentekoste, hilo lilifanyika kwa jina la Yesu, na Biblia mkononi. Kanisa linalojitenga na mikono mingine yote halimlindi mtoto. Linakuwa mto wenyewe.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Mama mmoja aliniuliza: Mchungaji, nikisema, baba yao atashikwa. Akishikwa kazi imekwisha, na nyumba ya kampuni tunatolewa. Watoto wangu watakula sheria?

Sikumjibu haraka, kwa maana swali hilo ni la haki. Katika estate, kazi na nyumba ni kitu kimoja. Baba akiondoka, paa limeondoka. Hili ndilo linalofunga midomo ya akina mama wengi, na sisi tunakuja na mahubiri tu. Lakini angalia tena mtoni. Binti Farao hakusema tu mtoto huyu aishi. Aliweka mshahara. Alimlipa mlezi wa kumnyonyesha. Kumlinda mtoto kuna gharama, na mwenye uwezo aliilipa.

Basi baraza la kanisa limekaa, na nawasomea walichokubaliana. Kuanzia mwezi huu, sehemu moja ya kumi ya sadaka ya shukrani ya bonasi itawekwa kwenye mfuko wa peke yake. Mama yeyote atakayesema ukweli kwa ajili ya mtoto na akakosa mahali pa kulala, kanisa hili litamlipia chumba miezi mitatu na kumpa unga, huku afisa wa watoto akitafuta njia ya kudumu. Hatutauliza kama ni mshirika wetu. Yokebedi hakuwa Mmisri, na bado alilipwa.

6. Likizo hii

Sasa nije kwa likizo yenyewe.

Desemba ni mwezi wa sherehe kwetu. Vijana wanaingia menjo. Wazazi, mjue nani atakuwa motiriot wa mtoto wako na anafundisha nini huko ndani. Heshima, kazi na ujasiri ni mafunzo mema. Pombe, matusi kwa mama na kudharau mwalimu si mila, ni uharibifu. Januari mtoto arudi darasani siku ya kwanza, na kama hakurudi, chifu aambiwe.

Kwa wasichana nitasema waziwazi. Kukeketa kumekatazwa na sheria ya 2011, na sheria hiyo inamgusa hata mtu anayejua na kunyamaza. Nchi nzima tumepunguza: uchunguzi wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 21 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ule wa 2022 ukakuta 15. Tumshukuru Mungu. Lakini pale inapobaki imejificha. Inafanywa likizoni, usiku, kwa shangazi wa mbali, wakati mwingine na mtu wa afya mwenye sindano ili ionekane salama. Si salama na si halali. Msichana akiambiwa anapelekwa kusalimia nyanya na analia, jiulize. Akikukimbilia usiku, mfungulie mlango kwanza, maswali baadaye, na upige 116 kabla hajapambazukiwa.

Na sisi wenyewe tuanze na nyumba ya Mungu. Mathayo 18:6, Yesu alisema habari ya jiwe la kusagia na shingo ya anayemkosesha mdogo. Hakusema isipokuwa awe mzee wa kanisa. Kwa hiyo baraza limepitisha haya pia. Hakuna mtumishi, nikiwemo mimi, atakayemwombea mtoto akiwa peke yake chumbani mlango umefungwa. Kwenye kesha, watoto watalala mahali pamoja, na akina mama wawili macho. Walimu wa shule ya Jumapili wataita majina likizo yote; mtoto akikosa Jumapili mbili, watu wawili wanaenda kwao wiki hiyo. Na habari ya mtoto kuumizwa ikifika kanisani, haitajadiliwa na baraza. Itafika kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Ikiwa ni juu ya mzee wa kanisa, siku hiyo hiyo. Ikiwa ni juu ya mchungaji wenu, siku hiyo hiyo.

Najua kuna mtu hataki kusikia hili. Kuna mtu ameshapanga wazee wa kukaa nao Jumamosi ijayo. Ndugu yangu, nakuomba kwa rehema za Mungu, usikae kikao hicho. Mpeleke mtoto hospitalini kesho asubuhi. Ukiogopa kwenda peke yako, mama mchungaji na mimi tutakusindikiza, na nauli iko.

Walimu wakuu wa shule jirani wamekubali tuonane kabla ya kufunga. Hawatatupa siri za watoto, na hatutaziomba. Watatuambia tu ni vijiji gani vya kutembelea sana. Sisi nao tutawaambia Januari ni mtoto yupi tumemwona na hakurudi. Kati ya shule na kanisa kulikuwa na nafasi, tunaipaka lami.

Maombi ya wiki hii: Jumatatu, ombea walimu wetu wapate macho ya kuona vidole. Jumanne, ombea maafisa wa watoto, wachache na wenye kazi nyingi. Jumatano, madaktari na wauguzi. Alhamisi, polisi na mahakimu, haki isiuzwe. Ijumaa, akina mama wanaoogopa. Jumamosi, ombea mtoto mmoja unayemjua kwa jina, halafu nenda ukamwone.

Bwana awabariki. Tuonane Jumapili. Amina.